Vikapu vya Sagalla: Kazi ya Mikono na Kauli ya Pamoja



Mwenye kuzunguka katika masoko yetu ya Mombasa, kuanzia Marikiti hadi Kongowea, hatakosa kukiona kikapu cha katani kimetundikwa mbele ya duka. Kimesukwa kwa nyuzi zilizosokotwa vyema, kina mistari ya rangi ya udongo, nyeusi na nyeupe, na mikanda ya ngozi ya kubebea begani. Mnunuzi hukigeuza, huuliza bei, huomba apunguziwe, kisha hukichukua au hukirudisha msumarini. Ni wachache wanaouliza kimetoka wapi, na wachache zaidi wanaouliza kimesukwa na nani. Vingi miongoni mwa vikapu hivyo vimetoka Ukambani, na vingine vimetoka kwa jirani zetu wa Taita. Makala ya juma hili yanawaendea hao wa pili, na hasa kina mama wa Sagalla, ambao kazi ya kusuka kwao ni jambo la kukaa pamoja, kufundishana, na kuwaonyesha watu walichokitenda kwa mikono yao.

Ninalotaka kulieleza ni moja. Kikapu hakizaliwi na katani peke yake. Kinazaliwa na kikao. Kikao hicho kikidumu, ujuzi hudumu, bei hupata mtetezi, na nyumba hupata kitu cha kushika wakati shamba limekataa. Kikivunjika, kitabaki kikapu kimoja kimoja katika mkono wa mtu mmoja mmoja, mpaka kitoweke.

Sagalla na sisi

Sagalla ni mlima ulio kusini mwa mji wa Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta, mwendo wa kilomita 150 na kitu kutoka Mombasa kwa njia kuu ya Nairobi. Ni ndugu wa milima ya Dawida na Kasigau, nayo yote huhesabiwa katika Milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo sehemu yake kubwa imo Tanzania. Juu yake kuna ukungu, miti na chemchemi, na wamo viumbe wasiopatikana kwingineko. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kiumbe mdogo asiye na miguu, wa jamaa ya vyura, aishiye ndani ya udongo, ambaye makao yake katika dunia nzima ni mlima huu tu. Chini ya mlima hali ni nyingine kabisa: ni nyika kavu, nyekundu, inayopakana na mbuga ya Tsavo. Wenyeji wake ni Wasagalla, nao wana lugha yao, Kisagalla, ambayo ni jamaa ya Kidawida lakini si hiyohiyo.

Sisi watu wa Pwani si wageni kwao. Misafara ya biashara iliyotoka Mombasa kwenda Taveta na Kilimanjaro ilipita katika nchi ya Taita kabla reli haijafika Voi mwishoni mwa karne ya 19. Na katika njaa kubwa ya mwaka 1884, ambayo Wataita huikumbuka kwa jina la Mwakisenge, baadhi ya watu wa Sagalla waliteremka hadi Rabai kutafuta uhai. Ujirani wa namna hiyo una haki zake. Miongoni mwa haki za jirani ni kuijua kazi yake kabla ya kuitia bei.

Shamba, ndovu na nyuki

Ili tuelewe kwa nini kikapu ni jambo zito huko, hatuna budi kulitazama shamba kwanza. Mkulima wa Sagalla ya chini hupanda mahindi, pojo na kunde kwa kutegemea mvua za masika na za vuli. Mvua ikikosa, hana cha kuvuna. Mvua ikija na mazao yakasimama, ndovu hutoka mbugani usiku, na kazi ya miezi mitatu humalizika kabla ya alfajiri.

Miaka ya karibuni imekuwa migumu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Novemba 2022 serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa kwa ukame nchini katika muda wa miezi tisa. Ikiwa ndovu, mwenye nguvu zake na miguu ya kumpeleka mbali, alianguka kwa kiu na njaa, hali ya mama mwenye watoto na debe moja la mbegu haihitaji maelezo.

Katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti, shirika la Save the Elephants, kwa uongozi wa Dkt. Lucy King, limeshirikiana na wakulima kwa miaka mingi kuyazungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwa waya kati ya nguzo na nguzo. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Naye ndovu, pamoja na ukubwa wake, humkimbia nyuki, kwa kuwa huumwa penye ngozi laini, machoni na ndani ya mkonga. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba ndovu karibu 4,000 waliyaendea mashamba 26 yenye ua huo, na kwa wastani asilimia 75 yao walizuiwa. Katika misimu ambayo mazao yamestawi sana, waliozuiwa walifikia asilimia 86. Juu ya hayo wakulima walipata asali, yapata tani moja kwa jumla.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha pia mpaka wa dawa hiyo. Nyuki anahitaji maua, na maua yanahitaji mvua. Ukame wa mwaka 2017 ulipokuja, mizinga mingi ilibaki mitupu na asali ikapungua. Tazama basi, ndugu msomaji: jua likizidi, mahindi hukosekana na asali nayo hukosekana, vyote kwa wakati mmoja. Kinachobaki kimesimama mpakani mwa shamba ni mkonge. Mkonge hustahimili jua, na majani yake hukatwa katika mwaka wa dhiki kama yanavyokatwa katika mwaka wa neema. Hapo ndipo kikapu kinapopata uzito wake, kwani kinaweza kuwa ndiyo karo ya mtoto na unga wa jioni katika msimu usio na mavuno.

Mmea mgeni, ujuzi mwenyeji

Inafaa tukumbuke kwamba mkonge wenyewe ni mgeni katika nchi hizi. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kuja katika pwani ya Tanganyika, na iliyosalia hai ikawa 62 tu. Kutokana na michache hiyo mmea ukaenea hadi Tanga yote, kisha Kenya, na leo mashamba makubwa ya Voi na Mwatate yanajulikana kote kwa katani.

Lakini kusuka hakukuja na mkonge. Kabla ya hapo mabibi wa bara walitumia nyuzi za mkonge wa porini na za magome ya miti, ukiwemo mbuyu. Mmea mpya ulipowasili, mkono ulikuwa umekwisha kujua la kufanya. Hili ni jambo la kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba kazi hizi zimebuniwa juzi kwa ajili ya watalii. Kikapu kilibeba nafaka, mbegu na mahitaji ya safari kabla hakijapigwa picha na mgeni yeyote.

Kikao kinavyofanya kazi

Kazi huanza mbali na kikapu. Majani ya mkonge hukatwa, hupasuliwa, na kila kipande huparuzwa kwa kisu juu ya ubao mpaka nyama yake ya kijani itoke na kubaki nyuzi. Nyuzi huoshwa na kuanikwa juani mpaka ziwe nyeupe. Maji ya mkonge huwasha ngozi. Anayeparuza kwa mara ya kwanza huijua kazi hiyo kwa mikono inayomwuma hata usiku. Baadaye zile zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa kwa magome, mizizi na majani, au kwa rangi za dukani. Kisha huja kazi ndefu kuliko zote, ambayo mnunuzi haioni kabisa: kusokota. Mama huzikunja nyuzi chache chache kwa kiganja juu ya mguu wake, akiunganisha mpya na ya zamani bila fundo, mpaka apate uzi mmoja ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Uzi ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, kikapu kitapinda.

Kusokota na kusuka huweza kufanywa na mtu akiwa peke yake, tena hata akitembea njiani kwenda kuchota maji. Kwa nini basi kina mama hawa hukutana? Hukutana kwa sababu nyingi. Anayejua kuchemsha rangi humwonyesha asiyejua. Aliyekosea mstari huonyeshwa pa kufumulia kabla hajaenda mbali. Bibi ambaye macho yake hayaoni tena uzi mwembamba huketi na kusikiliza, na vidole vyake hugusa kikapu cha kijana na kumwambia kama kimekazwa au kimelegea. Na kama ilivyo ada ya vikundi vya kina mama nchini mwetu, kila mmoja hutoa kidogo alicho nacho, na jumla yake humwendea mmoja wao kwa zamu, ili siku moja awe na kiasi cha kununua bati au mbuzi.

Mradi wa nyuki nao umewapa kina mama wa Sagalla kituo chao cha kazi, ambamo hujifunza kushona na kazi nyingine za mikono pamoja na kusuka. Kuwa na pa kukaa si jambo dogo. Kikundi kisicho na paa hukutana leo chini ya mti huu, kesho nyumbani kwa yule, na mvua au msiba mmoja hukitawanya. Chenye paa huwa na mahali pa kuweka katani, pa kuhifadhi kikapu cha mfano, na pa kumleta binti ajifunze.

Hesabu iliyomo ndani ya kikapu

Wengi husema kuwa hizi ni kazi za wasiosoma. Natamani wenye kusema hivyo wajaribu kusuka mstari mmoja wa pembe.

Kikapu cha Taita huanzia katikati ya kitako. Nyuzi za kusimama huelekezwa pande zote kama miale ya jua, na nyuzi mbili za kuzunguka hupita mbele na nyuma ya kila moja, zikipishana baina yao. Kadiri duara linavyopanuka, nyuzi za kusimama huongezwa. Sasa tuseme msukaji anataka pambo la pembetatu ambalo kila moja linachukua nyuzi 6. Ikiwa mzunguko una nyuzi 120, atapata pembetatu 20 na ya mwisho itaikuta ya kwanza sawasawa. Ikiwa una nyuzi 118, atapata 19 na nyuzi 4 zitabaki, na pambo litagongana mbele ya macho ya kila mtu. Kwa hiyo ni lazima ajue idadi yake tangu chini, angali kwenye kitako, kabla pambo halijaanza kuonekana. Hana karatasi, hana kalamu. Hesabu imo kichwani, na hupokewa kutoka kwa mama, shangazi au bibi.

Ndiyo maana nasema kikao ni chuo. Tulipokuwa chuoni tukijifunza kusoma, mwalimu hakutupa kitabu akaenda zake. Alikaa nasi, akasikiliza, akasahihisha herufi moja mara kumi. Elimu ya mkono nayo hupita kwa njia hiyohiyo ya kukaa goti kwa goti. Haiandikiki ikatosha, na ikikatika katika kizazi kimoja, kizazi cha tatu hakitaipata hata kikiitafuta.

Maonyesho na yanayofichika humo

Vikundi vya namna hii hupeleka kazi zao mbele ya watu kwa njia mbalimbali. Wapo wanaopokea wageni papo hapo kijijini, wageni waliokuja kutazama ndovu na mizinga. Wapo wanaopeleka bidhaa katika hoteli za mbugani, katika sherehe za utamaduni za kaunti, na katika maonyesho ya kilimo. Tena katika ukanda wa Kasigau liko shirika la Hadithi, ambalo huwaunganisha wasukaji wa vikundi vingi na wanunuzi wa ng'ambo, ili mama asihitaji kukaa kando ya barabara kumngoja mpita njia.

Onyesho lililopangwa vizuri lina faida mbili. Ya kwanza ni kuuza, na hiyo kila mtu huiona. Ya pili ni kwamba msukaji huiona kazi yake kando ya kazi za wenzake. Nyumbani kikapu chake ni kimoja, hana cha kukilinganisha nacho. Vikipangwa 30 mezani, hujiona alipo: huyu kitako chake kimekaa imara, yule rangi zake zimepatana, mwingine ukingo wake umelegea. Hapo hurudi nyumbani na jambo la kurekebisha, bila ya mtu kumkosoa kwa maneno.

Liko pia jambo ambalo maonyesho mengi hulikosa, nalo ni jina la mtu. Tunapotundika picha ya mchoraji tunaandika jina lake chini. Tunapotundika kikapu tunaandika bei. Kikundi kinachofunga kikaratasi chenye jina la aliyekisuka kinatenda uadilifu, na mnunuzi naye huona haya kidogo kumvunjia bei mtu aliye na jina.

Suala la bei

Tulete mfano wa hesabu, usiwe ndiyo bei ya soko. Tuseme kikapu cha kadiri kimechukua siku 10, na kila siku mama amepata saa 3 baada ya kuni, maji na jiko. Hizo ni saa 30 za kusuka tu, achilia mbali kukata, kuparuza, kuchemsha na kusokota. Kikiuzwa shilingi 1,500, saa yake moja imepata shilingi 50. Mnunuzi akivuta mpaka 900, saa imepata shilingi 30. Hiyo tofauti ya 600 kwake ni furaha ya kushinda mjadala; kwa yule mama ni unga wa siku kadhaa.

Biashara ni halali, na kupatana bei ni katika ada zake. Hakuna anayemlaumu mtu kwa kuuliza. Lakini dini yetu imetufundisha kumlipa mfanyakazi haki yake, na imekataza kuitumia shida ya mtu kumnyonya. Mama aliye peke yake, ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo, atakubali bei yoyote anayotajiwa asubuhi hiyo. Mchuuzi anayejua jambo hilo huja asubuhi hiyohiyo. Kinachomkinga mama huyo ni kikundi: wamekubaliana kima cha chini, na mwenye shida hukopeshwa kutoka katika mfuko wao ili asilazimike kuuza kwa hasara. Wahenga walisema umoja ni nguvu, na hapa nguvu hiyo inaonekana kwa shilingi.

Wachonga vinyago wa Kikamba waliokaa Mombasa walilielewa hili mapema, wakaunda ushirika wao Changamwe mwaka 1963, nao umedumu tangu wakati huo. Dar es Salaam nako, Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Walishikamana, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Mtu alikufa, kazi haikufa, kwa kuwa waliirithi wakiwa wengi.

Jina nalo ni mali

Kazi ikisifika, waigaji hawachelewi. Ndiyo sababu WIPO, yaani Shirika la Miliki Bunifu Duniani, pamoja na taasisi yetu ya KIPI inayosimamia miliki ya viwanda, yaliwasaidia wasukaji wa Taita katika juhudi ya kuwa na alama yao ya pamoja, Taita Basket. Maana ya alama kama hiyo ni kwamba jina si la mtu mmoja, wala si la mfanyabiashara aliyetangulia kufika ofisini. Ni la wasukaji wenyewe, na anayelitumia ni lazima afuate viwango vyao. Kenya pia ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na imezipa kaunti sehemu ya kazi ya kuyaorodhesha.

Lakini alama na sheria hazisuki kikapu. Kama katika miaka 20 ijayo hapatakuwa na binti wa Sagalla anayejua kuhesabu nyuzi za kitako, alama itakuwa jina lisilo na mwenyewe. Kazi ya kwanza ya kikundi, kabla ya wageni na kabla ya ng'ambo, ni kumpata huyo binti na kumkalisha kitako.

Na mikeka yetu?

Hapa sina budi kurudi nyumbani kwetu. Sisi nasi tulikuwa na vikao. Ukindu na miyaa vilianikwa uani, vikachanwa, vikatiwa rangi, vikasukwa kili ndefu, na kili zikashonwa zikawa mkeka. Alasiri za Lamu, Faza, Mombasa na Vanga hazikupita bila ya mikono ya kina mama kuwa na ukili. Kulikuwa na mkeka wa kulalia, jamvi la kuwekea wageni, msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula, kipepeo, jamanda na kikapu. Kila kimoja kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na mtu anayejua kulitenda.

Leo arusi nyingi hutandikwa mikeka ya plastiki iliyotoka kiwandani, na vijana wetu wengi hawajui kutofautisha ukindu na miyaa. Mikeka ya asili haijatoweka, alhamdulillahi. Bado inasukwa katika miji kadhaa ya Pwani na visiwani. Lakini wanaosuka wanazeeka, na wengi wao husuka peke yao. Tofauti yetu na Sagalla haiko katika ujuzi, kwani wetu ni mkongwe na mzuri. Wao wameketi pamoja, nasi tumetawanyika.

Swali la wazazi kuhusu sanaa

Baadhi ya wazazi huniuliza kama inafaa kuwapeleka watoto katika vikundi vya sanaa, kwa hofu ya michoro ya viumbe wenye roho. Hofu yao ina msingi, na wanazuoni wameieleza mas'ala hiyo kwa kirefu na wametofautiana katika baadhi ya matawi yake. Anayetaka ufafanuzi na amwulize mwalimu anayemwamini. Lakini uwanja ulio nje ya mzozo ni mpana mno. Mistari, pembe, duara, maua na majani ndivyo vilivyopamba milango ya Lamu na zidaka za nyumba zetu. Katika karne za 18 na 19 waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Misahafu kwa mkono na kuizungushia nakshi za rangi ambazo hadi leo watu hustaajabu nazo. Pembetatu za kikapu cha Sagalla ni ndugu wa nakshi hizo: zote ni hesabu iliyogeuka kuwa uzuri. Mzazi anayemtuma binti yake kusuka, au mwanawe kujifunza khati, hana la kuchelea isipokuwa kwamba mwalimu mwenyewe atakuwa amekwisha kuzeeka.

La kufanya

Ndugu zangu, nimalizie kwa mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba.

Unaposafiri kwenda Nairobi na ukapita Voi, nunua kikapu kwa wenyewe au kwa kikundi chao, na uulize jina la aliyekisuka. Ukipatana bei, kumbuka zile saa 30. Harusini, mpe bibi arusi mkeka wa ukindu pamoja na zawadi nyingine. Mtaani kwako, kama yuko mama mmoja anayejua kusuka, mtafutie wanafunzi watatu, na mahali pa kukaa alasiri mbili kwa juma. Ukumbi wa madrasa hauwi na kazi saa hizo zote. Baada ya miezi michache, walichosuka na kitandikwe katika uwanja wa msikiti siku ya Idi, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe, ili watoto waone kwamba kazi ya mkono ina heshima mbele ya watu wao.

Kina mama wa Sagalla wana ukame juu yao na ndovu mpakani mwao, na bado wamepata wakati wa kukaa pamoja. Sisi tuna bahari, tuna ukindu, na wakati hatujaukosa. Mwenyezi Mungu azibariki riziki zao na zetu, awateremshie mvua ya kheri, na atujaalie tuwe majirani wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.